Kranberi na ngai-ngai: vinavyosaidia na visivyosaidia



Mama mmoja wa hapa Kakontwe alifika kwenye dispansere akiwa na kopo dogo la vidonge ndani ya mfuko wake. Juu ya kopo palichorwa tunda dogo jekundu. Alikuwa amelinunua Lubumbashi kwa bei ambayo ingetosha kununua unga wa bukari wa juma zima. Aliniuliza: "Munganga, nimeambiwa tunda hili linaponya mkojo unaochoma. Ni kweli, ao wamekula feza yangu bure?" Nilimjibu: "Mama, ni kweli nusu."

Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, aliingia baba mmoja dereva wa kamio kubwa za mawe ya chokaa. Alikuja kwa sababu ya kidole kilichobanwa na mlango. Lakini sisi tuna desturi ya kumpima tansio kila dereva anayekaa kwenye kiti chetu, hata kama amekuja kwa jambo la kidole. Mashine ilionyesha 190 juu ya 110. Nilidhani nimefunga kitambaa vibaya. Nikampumzisha dakika 10, nikapima mkono wa pili: 188 juu ya 110. Nikamuuliza: "Baba, vidonge vyako unakunywa?" Akatabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo. "Munganga, mwanangu, nimeviacha tangu miezi mbili. Sasa ninakunywa ngai-ngai."

Ndiyo sababu leo nitaandika juu ya vitu hivi viwili, tunda la ng'ambo na ua la bustani zetu. Vyote ni vyekundu, vyote ni vichachu, na vyote vimepata sifa ya kuwa dawa.

TUNDA LA KOPO

Kranberi, ambalo kwa Kifaransa huitwa canneberge, ni tunda la nchi za baridi. Linaota Amerika ya Kaskazini, mahali penye udongo wa majimaji, na wenyeji wa huko walilila zamani sana kabla Wazungu hawajafika. Ni dogo kama zabibu, na uchachu wake ni mkali hata watu wengi hawawezi kulila bila sukari. Hapa kwetu hatulioti. Tunaliona kwenye katoni za maji ya matunda katika maduka makubwa, na kwenye makopo ya vidonge kama lile la mama.

Sifa yake inahusu njia ya mkojo. Mara nyingi ugonjwa wa mkojo unaochoma huletwa na kijidudu kiitwacho Escherichia coli. Kijidudu hiki hukaa ndani ya matumbo yetu bila kuleta shida. Shida inaanza kinapopita hata kuingia njia ya mkojo. Kwa kawaida mkojo ungekisukuma nje, kama maji ya bomba yanavyosukuma mchanga. Lakini chenyewe kina nyuzi ndogo sana, na kwa nyuzi hizo kinajishika kwenye ukuta wa kibofu, kama vile mfanyakazi anavyojishika kwenye ngazi. Ndani ya kranberi mna kitu kiitwacho proantosianidini za aina A, nacho kinafanya nyuzi zile zisishike vizuri. Kijidudu kikikosa pa kujishika, kinatoka na mkojo.

Je, jambo hilo limethibitishwa kwa watu, ao ni maneno ya wauzaji tu? Kwa miaka mingi waganga walibishana. Mwaka 2012 wataalamu wa jamii ya Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima pamoja, waliandika kwamba faida haionekani sana. Mwaka 2023 walirudia kazi hiyo wakiwa na majaribio 50 na watu karibu 9,000, nao wakabadili neno lao. Wanawake ambao ugonjwa huu unawarudia mara kwa mara, wakitumia kranberi, hatari ya kurudiwa inapungua kwa robo hivi. Kwa watoto inapungua hata zaidi ya nusu. Lakini kwa wazee wanaokaa katika nyumba za kutunzia wazee, na kwa mama wenye mimba, hawakuona faida.

Sikilizeni neno lenyewe vizuri: linazuia ugonjwa usirudi. Haliponyi ugonjwa ulio tayari ndani. Mama yule alikuwa na mkojo unaochoma tangu siku nne, na kila jioni alimeza vidonge viwili vya kopo lake akingoja kupona. Tulipopima mkojo tukakuta ugonjwa. Alihitaji antibiotiki, akapewa, na kopo lake nikamwambia aliweke kabatini.

Kwa hiyo, mtu anayesikia mkojo unachoma, ao anakwenda chooni kila mara na kutoa kidogo tu, aje dispansere. Akiwa pia na homa, baridi ya kutetemeka, ao maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu, asingoje hata kesho, maana ugonjwa umekwisha kupanda kwenye figo. Mama mwenye mimba, mtoto, mwenye ugonjwa wa sukari, na mwanaume yeyote, hao wote waje mara moja, hata kama maumivu ni kidogo. Na mkojo wenye damu usifichwe kwa kinywaji chochote chekundu. Unaweza kuwa kichocho, unaweza kuwa jiwe ndani ya figo, unaweza kuwa jambo kubwa kuliko hayo.

Wale wanaotumia dawa ya kufanya damu isigande, ile iitwayo warfarini, wamwambie muganga wao kabla ya kunywa kranberi kwa wingi. Mwaka 2003 huko Uingereza wakubwa wa dawa walitoa onyo juu ya jambo hili. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kikombe kimoja hakileti shida kubwa, lakini damu si kitu cha kuchezea. Na mtu aliyewahi kutoa jiwe la figo asinywe tunda hili kila siku bila kuuliza, kwa sababu lina oksalati, na oksalati ni moja ya vitu vinavyojenga mawe hayo.

MAJI KWANZA

Hapa ninataka kusimama kidogo, kwa sababu kwenye karieri na kwenye matanuru ya chokaa ninaona kosa lilelile kila mwaka. Watu hawanywi maji.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, jua la Likasi linachoma na vumbi jeupe linakauka kooni. Mtu anatoa jasho tangu asubuhi. Saa nane mkojo wake ni wa rangi ya chai nzito, ao hakojoi kabisa hadi mwisho wa kazi. Mkojo mzito namna hiyo unakaa muda mrefu ndani ya kibofu, vijidudu vinapata nafasi ya kuzaana, na chumvi zake zinaanza kushikamana kuwa mawe. Akina mama wanaouza sokoni Kikula wana kosa hilohilo kwa sababu nyingine: wanajizuia kunywa kwa kuwa choo kiko mbali ao kichafu. Siwalaumu. Lakini kibofu hakijui sababu.

Mwaka 2018 ilitangazwa kazi ya waganga waliowafuata wanawake 140 kwa mwaka mzima. Wote walikuwa wanarudiwa na ugonjwa wa mkojo na walikuwa wanakunywa kidogo. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu ya maji kila siku. Kwa mwaka ule, walioongeza maji waliugua mara 1.7 kwa wastani, na wasioongeza waliugua mara 3.2. Ni karibu nusu! Maji matupu, ndugu zangu, bila kopo la Lubumbashi. Ukipenda kujua kama umekunywa ya kutosha, tazama mkojo wako: uwe na rangi ya majani makavu ya nyasi, isiwe rangi ya chai.

UA LA BUSTANI

Sasa ngai-ngai. Sote tunaijua. Jina hili tumelipata kutoka kwa ndugu zetu wa Kinshasa, na watu wa Tanzania huita mmea huo choya ao rozela. Huko Sudani kinywaji chake ni karkade, Senegali ni bissap, Nigeria ni zobo. Jina lake la kitaalamu ni Hibiscus sabdariffa. Na jambo la kuchekesha ni hili: huko Florida, Marekani, mahali ambapo joto linazuia kranberi kuota, watu walipanda mmea huu wakaupika kama kranberi, nao wakauita kranberi ya Florida. Basi yule mama hakuwa na sababu ya kwenda mbali. Jamaa ya kranberi, kwa uchachu na kwa rangi, ilikuwa nyuma ya nyumba yake.

Jamaa kwa rangi, nimesema. Kwa kazi, hapana. Kile kitu kinachozuia nyuzi za kijidudu si rangi nyekundu. Kwa hiyo asitokee mtu kesho kuniambia kwamba ngai-ngai ni kinga ya mkojo kwa sababu inafanana na kranberi. Sijaona jaribio la watu lililothibitisha hivyo.

Majani ya ngai-ngai tunayapika na samaki, na ni mboga nzuri. Uchachu wake husaidia mwili kupata chuma kilichomo katika mboga na maharagwe, na chuma ndicho kinachojenga damu. Mama anayeyachemsha kwanza na kumwaga maji yale hakosei: sehemu ya oksalati inakwenda na maji hayo. Watu wa mawe ya figo wafanye hivyo kila mara, tena wale kidogo.

Kile tunachokausha kwa kinywaji si ua lenyewe, wala si tunda. Ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki na kuizunguka mbegu, ua likisha kuanguka. Tunakichuma mvua inapokwisha. Ndicho kilichompa dereva wetu matumaini, na lazima niseme ukweli: hakudanganywa kabisa.

Huko Boston, Marekani, watu 65 wenye tansio iliyopanda kidogo walipewa vikombe vitatu vya chai hii kila siku kwa majuma sita, ao kinywaji kingine chenye ladha kama hiyo bila ngai-ngai. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2010. Kwa wale wa ngai-ngai namba ya juu ilishuka 7 hivi, kwa wengine ilishuka 1 tu. Mwaka 2015 wataalamu wengine walikusanya majaribio matano wakapata jibu linalofanana: namba ya juu inashuka 7 na nusu hivi, ya chini inashuka 3 na nusu. Wapo pia wataalamu wanaosema kwamba majaribio bado ni machache na madogo, na hawakosei. Lakini mimi ninaamini kwamba kinywaji hiki kinashusha tansio kidogo.

Kidogo! Hapo ndipo hesabu inapotusaidia. Nilichukua karatasi mbele ya baba yule nikaandika 190. "Baba, toa 7." Akatoa, akasema: "183." Nikamuuliza: "183 ni nzuri?" Akakaa kimya. Yeye ni mtu wa kupima mizigo ya mawe, haibiwi kwa hesabu. Watu wa Boston hawakuwa na 190. Walikuwa na 120 na zaidi hadi 150, na hawakuwa wanatumia dawa. Ngai-ngai inaweza kumrudisha aliyepita mpaka kwa hatua moja. Haiwezi kumvuta aliyekwisha kuanguka shimoni.

Akaniambia: "Lakini munganga, sisikii kichwa, sisikii kizunguzungu, nina nguvu." Hilo ndilo jambo baya la tansio. Haipigi kelele. Mashine inaharibika ndani na injini bado inanguruma vizuri, mpaka siku mshipa unapasuka ndani ya kichwa na mtu anapooza upande mmoja. Kwa mtu anayekaa nyumbani ni msiba wa nyumba yake. Kwa mtu anayeshuka mteremko wa karieri na kamio iliyojaa mawe, wako pia wenzake walio chini.

Siku ile hakurudi kwenye usukani. Alikasirika, tena sana, kwa sababu alifikiri juu ya prime yake. Tulimtuma kwa daktari, akarudishiwa vidonge, na sisi tukampima kila juma. Baada ya majuma matano alikuwa 146 juu ya 90, akapewa tena kamio. Ngai-ngai sikumkataza. Anakunywa kikombe kimoja jioni, bila sukari, na ninajua kwamba anakunywa, kwa hiyo daktari naye anajua. Ubaya haukuwa kikombe. Ubaya ulikuwa kuacha vidonge bila kumwambia mtu.

Nikamuuliza mbona aliviacha. Alisema vilimfanya akohoe usiku, na mkewe alikuwa anashindwa kulala. Basi angekuja tu! Zipo dawa za tansio zinazoleta kikohozi kikavu, jambo linalojulikana, na zipo nyingine zisizoleta. Daktari alimbadilishia kwa dakika tano.

DAWA NA KINYWAJI HAVIENDI PAMOJA DAIMA

Yeyote anayetumia vidonge vya tansio na kunywa ngai-ngai nyingi, tansio yake inaweza kushuka kupita kiasi. Ataona giza akisimama haraka. Hilo ni hatari juu ya ngazi na kandokando ya shimo. Kwa hiyo tuambieni.

Jambo jingine ni kumeza vidonge kwa maji ya ngai-ngai. Wengi wanafanya hivyo, hasa watoto, ili uchungu wa dawa usisikike. Msifanye. Mwaka 1994 waganga wa Sudani walionyesha kwamba klorokini ikimezwa pamoja na karkade, dawa inayoingia ndani ya damu inapungua. Wazee wetu wanaikumbuka Nivaquine. Klorokini iliachwa katika Kongo kwa matibabu ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, lakini fundisho limebaki: kinywaji kichachu kinaweza kuizuia dawa njiani. Mezeni dawa kwa maji matupu. Vile vidonge vya malaria vya artemeta na lumefantrini vinataka chakula chenye mafuta ao maziwa pamoja navyo, si ngai-ngai.

Mama wenye mimba wasinywe ngai-ngai nyingi kama dawa. Majani katika mboga ni chakula, sina neno juu yake. Chai nzito ya kila siku ni jambo jingine, maana usalama wake kwa mtoto aliye tumboni haujathibitishwa. Mwenye vidonda vya tumbo atasikia moto, na anajua mwenyewe. Meno pia yanaumia kwa uchachu wa kunywa kidogo kidogo siku nzima. Sukuteni mdomo kwa maji baadaye, na msipige mswaki papo hapo.

Na sukari! Nilionja maji ya ngai-ngai yanayouzwa ndani ya vifuko vya plastiki vilivyogandishwa. Ni sukari yenye rangi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vema sukari ya kuongeza isipite gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko vidogo sita. Vifuko vitatu vya namna ile na umekwisha kupita. Mwenye ugonjwa wa sukari avikimbie kabisa. Tena muulize muuzaji kama maji yalichemshwa. Likasi iliona kipindupindu mwaka 2008, na uchachu wa kinywaji si kinga.

SUFURIA NA NDOO

Hapa nina jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya matanga katika kartieri moja, watu zaidi ya kumi walitapika usiku. Wengine walikuwa na maumivu ya tumbo na ladha ya chuma mdomoni. Mimi nilisema ni maji machafu, nikawapa chumvi na sukari ya kunywa, nikawafundisha kunawa mikono. Ni mama mmoja mzee aliyenionyesha ndoo. Maji ya ngai-ngai yalikuwa yamepikwa jana yake na kulazwa usiku kucha ndani ya ndoo mpya ya bati, ile yenye ngozi ya zinki. Ndani, mpaka pale kinywaji kilipofika, bati halikung'aa tena. Lilikuwa limeliwa. Watu walikuwa wamekunywa zinki.

Jambo hilo si geni. Mwaka 1964 waganga wa Kalifornia waliandika juu ya watu waliougua kwa chakula na kinywaji kilichowekwa ndani ya vyombo vya bati la zinki. Uchachu unakula metali. Sisi watu wa Likasi tungepaswa kujua kuliko wote, kwa maana kule Shituru kazi yenyewe ni kuyeyusha shaba kutoka katika mawe kwa asidi! Kile kinachofanyika kiwandani kwa tangi, kinafanyika kidogo kidogo ndani ya ndoo ya mama.

Kwa hiyo ngai-ngai isilazwe ndani ya ndoo ya bati, wala ndani ya chombo cha shaba. Na zile sufuria zinazoyeyushwa na mafundi wa mtaani kutoka vipande vya injini na makopo, nazo nina mashaka nazo. Mwaka 2014 wachunguzi walipima sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni, wakakuta kwamba zinatoa risasi ndani ya chakula kichachu. Risasi haitapishi mtu usiku uleule. Inakaa ndani ya mtoto na kupunguza akili yake polepole. Chemsheni ngai-ngai ndani ya sufuria yenye enameli isiyobanduka ao ya chuma kisichoshika kutu, kisha iwekeni ndani ya chupa ya kioo ao bido ya plastiki iliyofanywa kwa chakula. Bido iliyokuwa na dawa za kiwandani, hata ikioshwa mara kumi, si chombo cha kinywaji.

Juu ya udongo nitasema kwa kifupi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya metali wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Kobalti inatufikia kwa vumbi na kwa chakula, na mboga za majani ni moja ya njia zake. Basi msipande ngai-ngai juu ya mabaki ya kiwanda, wala kandokando ya mfereji unaotoka huko. Osheni majani kwa maji mara tatu, na vikombe vyekundu vikaushwe juu ya kitambaa safi mbali na barabara, visikaushwe kando ya njia ya kamio kama ninavyoona. Chokaa iliyosagwa ikichanganywa na udongo mchachu inapunguza metali zinazopanda ndani ya mmea. Lakini ninasema chokaa ya shamba. Chokaa mbichi ya tanuru isitoke kazini mfukoni mwa mtu.

JICHO

Na kwa kuwa nimetaja chokaa mbichi, hili ndilo lililonifanya niombe nafasi kubwa kuliko kawaida katika ukurasa huu.

Mahali nilipofanya kazi zamani kulikuwa na tanuru ya chokaa. Kijana mmoja alikuwa amepandisha miwani yake juu ya kaske ili apanguse jasho. Upepo ukaleta vumbi la chokaa mbichi, likaingia jicho la kushoto. Alipiga kelele. Mwenzake alimkimbilia. Huyo mwenzake alikuwa amesoma, na alikumbuka somo la shule: asidi inaua beze, na chokaa ni beze. Mkononi alikuwa na chupa ya ngai-ngai ya chakula cha mchana. Akammiminia ndani ya jicho.

Alikuwa na nia njema, na somo lake la shule lilikuwa la kweli kwa bomba la kioo. Kwa jicho ni kosa kubwa. Chokaa mbichi ikikutana na maji kidogo inawaka joto. Ikikutana na uchachu inaongeza joto juu ya joto. Na uchachu wenyewe ni moto mwingine juu ya kidonda. Sukari iliyokuwemo ilifanya vumbi lishikamane chini ya kope. Na zaidi ya yote, dakika zilipita huku wanaona kwamba wamekwisha kutibu.

Kinachotakiwa ni hiki. Chokaa kavu iliyo usoni na kwenye nyusi ipanguswe haraka kwa kitambaa kikavu, isiingie zaidi. Mara hiyohiyo maji, maji matupu, mengi, yanayotiririka, kwa bomba ao kwa ndoo na kikombe. Mwenzako akufungue kope kwa vidole, maana mwenyewe hutaweza, jicho litajifunga. Geuza jicho juu, chini, kushoto, kulia, huku maji yanapita. Nusu saa isipungue, kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Kisha njooni kwetu, na njiani mkiweza mwendelee kumwaga maji. Msitie limau, siki, ngai-ngai, maziwa ya mama, wala mafuta. Na kama maji yaliyo karibu si safi sana, tumieni hayohayo. Uchafu wa maji tutautibu, jicho lililoungua hatuwezi kulirudisha.

Kijana yule alikaa nje ya kazi majuma sita. Jicho la kushoto linaona, lakini lina wingu dogo jeupe kandokando ya mboni, na usiku taa za kamio zinamchoma. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amepewa kazi ya ghala.